Shibe ya Tano

Soweto, Mbeya
Jumanne

Kwako Mama yangu mpenzi, Bi Mwantumu,

Shikamoo Mama. Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama, magoti hayakusumbui kwa baridi hii, mjukuu wako wa hapo Iringa ananenepa, na mshono wa wifi yangu Naima umekauka vizuri. Kaka Anwari nisalimie sana. Baada ya salamu, watu huandika kwamba na sisi huku hatujambo. Mimi nitakuandikia ilivyo: mtoto hajambo, nyumba haijambo, biashara haijambo sana. Mimi sijui. Mtu asiyelala hajui hali yake.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini Mama, nikipiga simu anapokea Anwari, anaweka sauti ya nje, nyumba nzima inanisikiliza na wageni waliokuja kumwona mtoto. Haya ninayoandika ni yako peke yako. Nimeyaweka ndani ya kiroba cha mchele wa Chimala, ule wa kunukia unaoupenda. Soma mwenyewe, usimpe Anwari akusomee. Miwani itafute kwenye kabati la vikombe, ndiko unakoisahau siku zote.

Mama, unanijua. Nilianza kwa kupima mchele kwa kopo mbele ya mlango wa mtu, leo nina nyumba yangu yenye wapangaji uani. Hesabu haijawahi kunishinda, na hii imenishinda. Nesi aliniambia nimnyonyeshe mtoto kila baada ya saa mbili, na saa hizo zinahesabiwa tangu anapoanza kunyonya, si anapomaliza. Mwantumu wako mdogo ananyonya dakika arobaini, anasinzia ziwani, ukimchomoa anaamka na kulia kama ameibiwa. Kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza ni nusu saa nyingine. Zinabaki dakika hamsini. Humo nile, nioge, nifue, nijibu vijana wa Chimala wanaouliza kama mpunga uliolowa uanikwe au ukobolewe hivyo hivyo, halafu ndiyo nilale. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Nesi akasema dawa yake ni moja, mtoto akilala na mimi nilale. Nikamwambia sawa, na mtoto akipika na mimi nitapika.

Samahani, nilimwacha analia. Nimerudi. Amenyonya upande mmoja tu, akalala. Naandika mbio mbio kabla hajagundua.

Sasa niseme lililo moyoni. Nilipojifungua nilijua utakuja. Sikuwa na haja ya kuuliza. Binti akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake anakuja, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, anapokea mtoto ili mzazi alale. Ulimfanyia hivyo dada wa jirani pale Iringa ambaye si hata ndugu yetu. Kwangu ukasema Naima kapasuliwa, hawezi kuinuka. Ni kweli, na pole nilimpa. Lakini Mama, mama yake Naima alikuwa amekwishafika kutoka Ruaha Mbuyuni na magunia yake ya vitunguu, na hajaondoka hadi leo. Kwa hiyo kwa mtoto wa kiume kuna mabibi wawili. Kwa huyu wa kike, ambaye bibi yake wa kwa baba yuko kaburini, kuna sifuri. Baba yake naye, Isihaka, yuko na lori njia ya Kongo, ananitumia sauti akisema nivumilie. Na jina nimempa lako.

Nilijaribu kuajiri mtu. Wa kwanza alimpa mtoto maji ya sukari nikiwa bafuni, nikamfukuza siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa akilala kuliko mtoto. Basi nikabaki peke yangu, na kila anayepita mlangoni ana lake: maziwa yako mepesi, mpe uji, huyo ana mchango, mfunge uzi mweusi. Kliniki walimpima wakasema anaongezeka vizuri. Nilikuwa na maziwa, Mama. Nilichokuwa sina ni usingizi.

Siku moja asubuhi, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, nilikaa kwenye kiti karibu na jiko la mkaa nikimnyonyesha. Nakumbuka nilitazama chai ikichemka. Baada ya hapo sikumbuki. Yusta, mpangaji wangu wa chumba cha uani, alikuja kurudisha ungo. Akabisha hodi hadi akachoka, akasukuma mlango. Alinikuta nimelala mdomo wazi, kanga imelegea, mtoto ameteleza kati ya paja langu na mkono wa kiti, kichwa kimeelekea kwenye jiko. Analia, Mama, na mimi simsikii. Kutoka kichwa chake hadi kwenye makaa, Yusta anasema, ni shubiri.

Alimdaka. Akanitikisa, akaniita mama mwenye nyumba, mama mwenye nyumba, nikajibu kitu kuhusu magunia na kulala tena. Mtoto alikuwa na njaa. Yusta naye ana mtoto, Aroni, wa miezi mitano, na maziwa ya kutosha mtaa mzima. Akakaa kitako sakafuni, akamnyonyesha Mwantumu mpaka akashiba na kuachia mwenyewe. Nilipoamka jua lilikuwa limefika kwenye kabati. Nilikuta nimefunikwa blanketi lake, chai imepoa, na yeye anapepeta mchele wangu huku watoto wote wawili wamelala, mmoja mgongoni na mmoja mapajani mwake.

Nilikasirika kwanza, nisikufiche. Huyu ndiye niliyegombana naye juu ya umeme wa luku hadi majirani wakatoka. Nikamuuliza nani kamruhusu. Akanijibu bila kuinua uso kwamba aliomba ruhusa mara sita, mwenye mali alikuwa anakoroma. Kisha akaenda chumbani kwake akaleta kadi yake ya kliniki, akaniwekea mapajani, akasema nisome mwenyewe vipimo vyote ili nisije nikakaa na wasiwasi. Nikasoma. Nikamwambia nitampunguzia kodi. Hapo ndipo aliponikata jicho, akasema kwani ameweka bango mlangoni kwamba anauza maziwa?

Mara ya pili nilikuwa na homa, ziwa la kushoto limekuwa jiwe. Alinikanda yeye, kwa taulo na maji ya moto, ile kazi yako, mpaka maziwa yakafunguka. Mtoto akanyonya kwake siku hiyo. Mara ya tatu na ya nne nilikuwa nimelala tu. Nilijua atamnyonyesha akilia, nikalala hivyo hivyo.

Nikafanya kosa la kumsimulia Naima. Jioni ile ile ukanipigia. Ulikuwa umekwenda kwa ustadhi kuuliza, akakueleza kwamba mtoto akinyonya kwa mwanamke shibe tano mbalimbali kabla ya kutimiza miaka miwili, yule mwanamke amekuwa mama yake, na watoto wake ni ndugu zake, hawaoani mpaka kufa. Ukaniuliza zimefika ngapi. Nikasema nne. Ukasema alhamdulillahi, komea hapo hapo, haiwezekani mjukuu wa Bi Mwantumu awe na mama Mhehe wa Ilula anayeimba kwaya, ambaye mumewe anafuga nguruwe. Nguruwe wa Timotheo wako Uyole, Mama. Hawako kwenye maziwa ya mkewe.

Tuliongea dakika kumi na moja, simu imeandika. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tangu nijifungue. Uliuliza shibe ngapi, uliuliza ziwa la nani, uliuliza kama majirani wamejua. Hukuuliza kama nimelala.

Ameamka. Subiri.

Haya. Safari hii amenyonya pande zote mbili, na nadhani nina muda wa kumaliza.

Kesho yake ukapiga tena, Anwari akaweka sauti ya nje, ukaniuliza mbele ya watu kama zimebaki nne. Nikasema ndiyo, zimebaki nne. Wageni wakaitikia alhamdulillahi. Na saa ile nilipokujibu, Mama, zilikuwa tano.

Sasa usiseme nilipitiwa na usingizi. Siku ile ya kwanza uliponipigia, nilipokata simu sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala mchana mzima. Maziwa yangu yalikuwa yanachuruzika hadi gauni limelowa, mtoto ni wa kuwekwa ziwani tu. Nikambeba, nikaenda uani, nikamkuta Yusta anamenya viazi. Nikamweleza kila kitu ulichoambiwa na ustadhi, neno kwa neno. Nikamwambia zimefika nne, na hizo nne hazimfungi mtu. Nikamwambia akimnyonyesha sasa atakuwa ameongeza mtoto, na Aroni amepata dada, na jambo hilo halifutiki hata akihama nyumba yangu, hata tukigombana tena juu ya luku.

Alicheka kwanza. Akasema kwao mtoto akilia ananyonyeshwa, hakuna anayesimama na kuhesabu. Halafu akafuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza jambo moja tu: siku yeye akifa, huyu mtoto atakuja kukaa na wenye msiba, au atakuja kama mgeni wa kutoa pole na kuondoka? Nikamwambia atakaa na wenye msiba. Akanyoosha mikono.

Nilisimama pale nikiangalia mpaka Mwantumu alipoachia mwenyewe, tone la maziwa pembeni mwa mdomo. Mimi ndiye niliyesema tano. Tangu hapo Yusta haniiti mama mwenye nyumba. Ananiita dada.

Unaweza kusema nilifanya kwa hasira juu yako. Hasira ilikuwepo, sikatai. Lakini nilipiga hesabu pia. Baba yake yuko barabarani, mimi nina umri wa kutosha kujua naweza nisimwone akiolewa, na siku ile kwenye kiti kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyesikia akilia. Nikaona afadhali mtu huyo awe ndugu yake, si mpangaji. Mpangaji anaweza kuhama.

Arubaini yake ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nimealika wachache, na maulidi yatasomwa. Yusta atakaa mkekani mkono wangu wa kulia, kama mama wa mtoto, na Aroni mapajani mwake. Upande wa kushoto nimeuacha. Sijamwambia mtu yeyote ni wa nani, na kama hutakuja utabaki hivyo hivyo, na watu watauliza, na nitawajibu.

Nisalimie wote hapo nyumbani, mama yake Naima umwambie ahsante kwa vitunguu, mtoto mbusu kwa niaba yangu, hana kosa. Ukiamua kuja panda basi la alfajiri, ukishuka stendi ya Nanenane utamkuta Timotheo anakusubiri na pikipiki, ameoga, nimehakikisha. Njoo ukiwa umelala vizuri, kwa sababu huku tunalala kwa zamu. Yusta anashika kuanzia adhuhuri, mimi nashika usiku. Ile zamu ya kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri haina mtu. Mwantumu ana mama wawili sasa, ndiyo. Bibi bado hana.

Mimi mwanao,
Siwema