Nyumba ya Karibu na Stesheni ya Isaka

Mpendwa dada yangu Kabula,

Nilikuficha jambo hadi tukakuzika. Nyumba uliyokuwa umepanga pale Isaka niliinunua mimi, si yule mfanyabiashara uliyemlaani. Nilikuwa ofisa elimu, na miiko ya uongozi ilitukataza nyumba za kupangisha, kwa hiyo niliiandikisha kwa jina lake. Sasa miguu imevimba, daktari hanifichi kitu, na sitaki kuondoka na siri hii.

Wewe ndiye uliyenifundisha mitaa ile. Nilikudanganya kwamba serikali inataka kujua hali ya makazi, nawe ukafunga kibanda chako cha chakula ukanizungusha kutwa nzima.

"Mwenye nyumba usimuulize kodi, atakudanganya," uliniambia. "Hesabu majiko barazani. Kila jiko, mpangaji."

Tukahesabu. Pale bombani ukawaambia wanawake, "Mdogo wangu huyu kafukuzwa na mkewe, anatafuta chumba."

Mmoja akanitazama miguuni. "Kwa viatu hivyo? Mwongo huyo!"

Mlicheka sana. Kisha wakanitajia bei ya kila chumba, na nani anasubiri kipi kihamwe. Nikaelewa kwamba madereva wa malori yanayobeba mizigo ya treni wangelipa mara mbili ya mlivyolipa ninyi, na bado wangegombania.

Jioni tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga. Ukaniambia mzee mwenye nyumba yenu amechoka, anauza. "Akinunua mtu mwema, tutapona."

Notisi ya kuhama ilipowafikia, ulipanda treni ukaja kwangu Shinyanga. "Ng'wana mayu, mtoto wa mama yangu, wewe una sauti serikalini. Hebu waulize."

Nikasema nitauliza. Wiki iliyofuata nilikuja kukusaidia kupakia kitanda kwenye mkokoteni, nawe ukanishukuru mbele ya majirani. Ukarudi Mhunze, kijijini kwa marehemu mama, ambako hakuna dereva wa kununua wali wako. Hukupika tena kwa ajili ya mtu. Uliisha kidogo kidogo, na mwaka wa pili tukakuzika.

Pumzika, dada. Sikuombi unisamehe; nakuomba unijue.

Hata padri nilimwambia kwamba dalali wangu aliwatoa wapangaji wote bila kuniuliza. Aliniuliza. Alikuja ofisini, akafunga mlango, akasema, "Mzee, yule mama wa chumba cha mbele ni dada yako. Yeye tumwache?"

Nikamjibu, "Akibaki peke yake, watu watajua nyumba ni ya nani. Mtoe."

Mdogo wako