Vidole Kumi vya Babu Mdogo

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya soko,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa binamu yangu Kimya,

Pokea salamu zangu na za shangazi yako. Hujambo huko? Mgongo umepona, au bado unaendesha lori ukiwa umejikunja? Mkeo na watoto hawajambo? Miezi saba hujaandika. Jina la Kimya tulikupa kwa utani tu, hukupaswa kulitimiza hivyo. Mimi ni mzima, ila macho. Siku hizi kutunga uzi kwenye sindano mpaka niite jirani.

Mama, huyo shangazi yako, si mzima sana. Anatembea kwa kushika ukuta, na kumbukumbu zinamponyoka. Ya jana hayajui. Ya utotoni anayo yote, na ndiyo yanayomliza.

Unajua alivyokua. Baba yake, fundi viatu, aliondoka asubuhi moja wakati wa vita akimwacha mchanga, na hakuonekana tena. Watu wakasema amewakimbia waandikishaji wa jeshi. Mdogo wake, Babu Mdogo, yaani babu yako, akasema yeye mwenyewe alikwenda jeshini akarudishwa kwa sababu ya ugonjwa wa kifua. Mama akaitwa binti wa mtoro mpaka akaolewa. Hata katika daftari la marehemu wetu, lile tunalolisoma tukiomba dua, jina la baba yake halikuandikwa, maana hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa.

Mwaka jana aliniambia, "Nitafutie. Hata kama alitoroka, nijue alitorokea wapi." Nikafunga cherehani wiki mbili, nikaenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za jeshi.

Jina la babu yangu halikuwepo. Siku ya tatu, nimeshakata tamaa, karani akaniuliza kama kuna mwingine katika ukoo wetu, kwa sababu anaye mmoja aliyekufa vitani. Akanisomea. Lilikuwa jina la babu yako.

Nilicheka, Kimya. Nikamwambia huyo tumemzika wenyewe, mvi kichwa kizima. Akanigeuzia faili nisome. Kazi: fundi viatu. Alama: kidole cha shahada, mkono wa kushoto, kipande cha juu hakipo.

Unakumbuka Babu Mdogo alivyotufundisha kuhesabu? Alikuwa anaweka mikono mezani, nasi tunashika kidole kimoja kimoja mpaka kumi. Kumi kamili. Aliyekatwa kidole na kisu cha ngozi ni babu yangu, mama amesimulia hayo mpaka tumechoka kusikia. Nikalisoma faili lote.

Basi aliyeandikishwa alikuwa babu yako, na aliyekwenda na karatasi yake ya kuitwa jeshini alikuwa babu yangu. Faili halisemi kwa nini. Babu yako alikuwa na miaka kumi na saba. Labda aliogopa, labda kaka yake alimwamuru abaki. Mwishoni pana taarifa ya kifo, imepokelewa nyumbani kwa alama ya dole gumba. Babu Mdogo alipokea barua ya kifo chake mwenyewe, akaificha.

Sitakudanganya, nilimkasirikia. Kila mwaka alimnunulia mama viatu vipya kabla ya kuwanunulia watoto wake, nasi tukamsifu kwa huruma. Kumbe alikuwa akisikia mama anaitwa binti wa mtoro, naye ameketi palepale, hasemi. Nadhani mwanzoni aliogopa kufungwa, na baadaye aibu ikamziba mdomo. Hasira iliponipungua nilimlilia na yeye.

Nilifika mpaka uwanja wenyewe wa vita. Ni mteremko wa nyasi. Mahandaki yamebaki mifereji isiyofika goti, na mbuzi wanalala humo. Mtunza makaburi aliacha kufyeka akanipeleka kwenye jiwe. Nikalipangusa kwa leso, nikakaa hapo mpaka jua likaniuma shingo. Kisha mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa futi ya kupimia. Chini ya jina la babu yako pana nafasi ya sentimita kumi na moja. Yule mtunzaji akasema, "Mama, hapa hatushoni suruali." Nikacheka huku nalia.

Sasa haja yangu kwako. Wenye makaburi wamekubali kuongeza jina la pili kwenye jiwe, ila lazima atie saini mtu wa karibu zaidi wa yule ambaye jina lake limeshachongwa. Mjomba, baba yako, ametutoka, na amekuacha wewe peke yako. Najua ninachokuomba. Nakuomba ukiri kwa mkono wako kwamba babu yako alibaki nyumbani. Jina lake halitafutwa. Mama mwenyewe amekataa, amesema, "Baba alilibeba mpaka mwisho. La kwake liwekwe chini yake."

Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Tafadhali usiiweke kwenye droo.

Katika daftari la marehemu nimeshamwandika babu. Lakini mama anasahau. Kila asubuhi nikimpelekea chai ananiuliza kama baba yake alitoroka, nami namsimulia upya. Kila asubuhi analia kama ndiyo kwanza amefiwa. Halafu anajifuta, anataka picha ya jiwe niliyopiga kule, anapapasa pale patupu kwa kidole na kuniuliza mbona baba hajaandikwa. Namwambia tunakungoja wewe.

Msalimie mkeo, na yule binti yako mcheshi mwambie gauni lake nalimalizia. Shangazi yako anakuombea Mungu akufikishe salama kila safari. Jina lako bado hajalisahau.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinyamaza,

Mama Sindano