Chumba Nilichomnyang'anya Sumaiya

Mlandege,
Unguja.
9 Februari 2025

Mpendwa dadaangu Tahiya,

Shikamoo. Goti la shemeji Jamil linaendeleaje, na baridi ya Maskati imekupungukia? Sisi wazima, alhamdulillahi.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenisamehe kabla sijamaliza.

Mwezi uliopita nilikwambia mwanao Sumaiya kafeli mtihani wa kidato cha pili kwa uvivu, kila akishika kitabu anasinzia. Ukakasirika, ukakata tiketi aache skuli aje huko kukusaidia kumlea mdogo wake Khelef. Dada, nilikwambia nusu ya habari.

Ulipomleta nilimpa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa. Akawa wa tatu darasani. Mwaka jana maharusi wa kupaka hina wakanizidi, na kazi hii inataka mwanga; ua likipinda, mama wa bibi harusi hanisemi kwa siri. Nikamhamishia mtoto stoo ya ndani. Haina dirisha, ina balbu moja na harufu ya piko, ile rangi nyeusi ninayowachorea maharusi. Alilalamika kichwa mara moja tu. Nikamwambia asijidekeze.

Jumatatu niliingia stoo kutafuta ungo. Nikakaa kwenye mkeka wake, nikafungua daftari. Wallahi sikumaliza ukurasa. Macho yaliniwasha, nikapitiwa na usingizi pale pale, mchana kweupe.

Nilipoamka nikaona karatasi kaibandika ukutani. Kaandika siku za maharusi wangu, na siku isiyo na harusi kaipigia mstari, maana ndiyo aliyokuwa akienda kusomea chumba cha mbele. Mwezi wa mtihani haukuwa na mstari hata mmoja. Nikalia, dada.

Sasa hina napakia ukumbini, penye giza kidogo, na atakayenuna anune. Sumaiya karudi chumbani kwake. Mwalimu wake, Bi Sheikha, anasema anaweza kurudia mwaka ukikubali wewe mzazi kabla ya tarehe ishirini. Tiketi ni ya tarehe kumi na sita, ndiyo maana barua hii nampa msafiri wa kesho ikuwahi. Nakuomba uifute. Hasira zako nimalizie mimi, nnastahiki.

Wasalimie shemeji na Khelef. Mola akulainishe moyo.

Jana nilimwomba mtoto radhi. Akaniambia, "Usijali mamdogo, mimi ni mvivu kweli." Somo hilo nimemfundisha mimi, na ndilo pekee alilolishika mwaka mzima.

Nduguyo akupendaye na kukuonea haya,
Zuleikha