Dema la Pangani

Shaame, usimwonyeshe mtu ujumbe huu.

Leo nimekodi nahodha wa watalii hapa Pangani, anipeleke kuvua nguru kwa mshipi. Nikanasa kitu kizito. Nimevuta nusu saa, nahodha anapiga kelele, "Vuta mzee, papa huyo!"

Likatoka dema. Mtego wa mtu, umejaa samaki, changu watupu.

Sasa mimi namchomoa changu wa tatu, ngalawa ikatufikia. Mwenye dema ni Ahmada. Yule yule niliyemnyima binti yangu Samira juzi, nikasema simwozeshi mvuvi.

Changu wake ninaye mkononi, Shaame. Mkononi!

"Shikamoo, baba."

Baba!

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Ile barua yako ya posa nimeisoma upya. Lete wazee wako Ijumaa."