Orodha ya Maji Iliyotoka Kabatini

Beni, Commune ya Beu
Tarehe 18 Mei 2025

Mpendwa Yaya Nadège,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe dada yetu mzaliwa wa kwanza, pamoja na shemeji Stanislas na watoto. Habari za Lubumbashi? Baridi ya huko imeshaanza? Na kifua cha shemeji kinaendeleaje? Sisi huku tuko wazima. Mvua imetuonea huruma, na maharagwe ya mke wangu Eliane yameanikwa mbele ya mlango hata hatuna pa kupita. Mama anakusalimu sana. Ninapoandika yuko uani, anachambua majani ya sombe na kuimba sauti ya pili ya kwaya, peke yake.

Nimeanza na Mama makusudi, ili usishtuke. Mwezi wa kwanza aliugua sana. Ilikuwa tifoide. Alilala hospitalini siku kumi na tisa. Alitukataza kukuambia: "Nadège akisikia atapanda ndege na kuacha batoto. Mungojee kwanza nipone ao nikufe." Nisamehe, Yaya. Kila ulipopiga simu nilisema yuko shambani, na moyo uliniuma.

Lakini kuna lililoniuma zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Unajua kazi yangu: mimi ndiye ninayeandika takwimu za maji bironi, katika ofisi yetu. Mwezi wa kumi na moja wapimaji waliteka maji ya chemchemi arobaini na moja, za mji na za upande wa Oicha, wakayapeleka maabara. Majibu yalipofika, niliyapiga mimi mwenyewe kwenye ordinateur, kompyuta yetu ya bironi. Kila chemchemi ilikuwa na namba tu, bila jina. Mbele ya namba tisa niliandika: haifai kunywa. Shefu akatia sahihi, nikaweka kurasa zile tatu kabatini, nikarudi nyumbani nimeridhika kwamba nimefanya kazi safi.

Siku ya kumi ya ugonjwa wa Mama, alikuja bironi mwandishi wa redio, binti anayeitwa Bénite. Alikuwa amesikia wauguzi wakisema kwamba wagonjwa wengi wa tifoide wanatoka kartie moja, mtaa mmoja tu. Akaniuliza kwa adabu: "Papa Kamate, mulipimaka mayi ya kartie yetu? Orodha iko wapi?" Nikamjibu tulivyozoea kujibu: aandike barua, angojee.

Alipotoka nikakosa amani. Nikafungua kabati, nikachukua daftari la wapimaji lenye majina, nikalilinganisha na namba zangu. Namba kumi na saba, mojawapo ya zile tisa, ilikuwa Kavisinga.

Yaya, hiyo ndiyo chemchemi ya Mama. Ndiyo anayoteka kila asubuhi tangu tuhamie Beu, akisema maji ya bomba hayana ladha. Mimi mdogo wako nilikuwa nimeandika kwa vidole vyangu kwamba maji yale hayafai, kisha Jumapili nikaenda kwake nikayanywa kikombe kizima.

Nilikwenda kwa shefu wetu, Papa Siméon. Si mtu mbaya. Anaogopa kelele tu.

"Hapana, Kamate," alisema. "Ile ni karatasi ya ndani. Batu bakiisoma bataogopa, na batatuuliza juu ya nini hatukutengeneza."

"Shefu, bakiogopa bataenda kuteka fasi ingine. Mama yangu alikunywa ile mayi miezi mbili, na karatasi ilikuwa mu kabati yangu."

Papa Siméon alikuwa amekwenda hospitalini kumwombea Mama siku mbili kabla. Akaniuliza, "Uko na majina?" Nikasema ninayo. "Basi, andika majina. Namba, nani ataielewa?"

Tuliibandika sokoni, makanisani na kwenye ukuta wa commune. Bénite akaisoma redioni asubuhi tatu mfululizo, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Tukaiweka pia kwenye mtandao, nzima, bila kufuta kitu, pamoja na zile za miaka miwili iliyopita. Hapo Bénite akafanya jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifikiria: alizipanga orodha zote tatu pamoja, akaona kwamba Kavisinga ilikuwa safi mpaka mwaka juzi. Akapanda kilima kuangalia kwa macho yake. Juu ya chemchemi watu walikuwa wamechimba vyoo vya soko dogo jipya. Namba zote tulikuwa nazo sisi, ila hatukuwahi kuziuliza swali.

Watu hawakukimbia ovyo. Walikasirika, na walikuwa na haki. Mama mmoja alinifuata mpaka mlangoni, akanionyesha picha ya mtoto wake aliyefariki mwezi wa kumi na mbili. Nilisimama nikamsikiliza mpaka akamaliza. Bado namwona.

Lakini wiki iliyofuata yalikuwa majembe tu! Kartie nzima ilifanya salongo, kazi ya pamoja, wakahamisha vyoo, wakaijengea chemchemi ukuta. Mwezi wa nne tukapima tena: inafaa kunywa. Tangu Pasaka wauguzi hawajapokea mgonjwa hata mmoja wa tifoide kutoka kule. Na sasa orodha inatoka siku ileile majibu yanapofika. Hakuna atakayeweza kuirudisha gizani, maana watu wameshajua ni yao.

Juzi, siku majibu mapya ya upande wa Oicha yalipofika, walikuja wanawake wawili kutoka upande huo, miguu imejaa vumbi. Mkubwa wao, Kyakimwa, alisema, "Tulisikia redio. Na sisi, yetu iko wapi?" Papa Siméon aliinuka mwenyewe akawachapia orodha. Kyakimwa aliisoma kwa sauti palepale koridoni, jina kwa jina, mwenzake akimshika mkono. Walipofika kwenye jina la chemchemi yao waliona: haifai. Nikawaletea viti, nikawaambia wapumzike, chai inakuja.

"Aksanti, Papa," Kyakimwa akajibu, akikunja karatasi na kuiweka kifuani. "Saa kumi batu banaenda kuteka. Acha tuwahi."

Wakaondoka karibu wakikimbia.

Wasalimie sana shemeji na watoto, Christa na Élysée. Eliane na watoto wetu wanawakumbatia. Mungu aliyemwinua Mama kitandani awafunike ninyi nyote, na atupe kuonana tukiwa hai.

Mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungua,

Éliakim Kamate