Gesi Chini ya Sakafu

Mbagala, Jumatano usiku, 1994

Bora ningenyamaza, kama ninavyonyamazaga siku zote.

Mwalimu wa fizikia ana kikopo cha kupimia redoni, gesi ya ardhini inayoweza kuingia ndani ya nyumba na kuharibu mapafu. Kesho anataka jibu kama nakichukua. Nikamwuliza Baba tukiwa tunakula.

"Nyumba mpya hii, hata rangi haijakauka, upime nini?"

Nikaeleza kwamba mpya au kuukuu ni mamoja, gesi inapita kwenye nyufa za sakafu, haionekani, haina harufu, inaua polepole.

Bibi akarudisha tonge sahanini. "Nilijua! Kassimu katuuzia kiwanja, kumbe kuna kitu kakifukia humu."

"Mama, mtoto anazungumzia sayansi."

"Sayansi gani hiyo, haionekani na inaua polepole?"

 Kwa Kiingereza ningeweza kumweleza, labda.

Sasa Bibi anataka mganga aje kufukua sakafu. Mzee Kassimu, jirani yetu, alipopita baadaye akasalimia, Bibi hakuitikia. Baba kaninong'oneza kwamba nikileta kikopo, Bibi ataona tumemkubalia.

Lakini chumba chetu kina ufa, na godoro la mdogo wangu Zuhura liko chini, palepale. Kifua chake tangu zamani kinambana. Namsikia hapa anavyohema.

Nitakichukua. Ila kwanza asubuhi nitakwenda kumwamkia Mzee Kassimu, shikamoo ya sauti kubwa, Bibi akisikia, ajue kikopo si cha kumshuku mzee. Mie, ninayeogopa hata kuagiza chumvi dukani.