Mtani Wangu Hakulisikia Bao

Mwanza,
Jumapili mchana

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa, na mama awe ameshapona ule mguu. Mvua imewafikia hapo Mgori, au bado mnaitazama tu ikipita? Alizeti zimesimamaje? Huku inanyesha mpaka inachosha, lakini tunakoishi sisi hakuna hata kipande cha kupanda mchicha.

Nimeona niandike kwa sababu simu ya nyumbani mpaka mtu apande kwenye kichuguu ndipo isikike, na mama hupenda kuiweka spika majirani wote wanisalimie. Haya ya leo sitaki ayasikie hivyo. Barua nampa mama mmoja aliyeleta vitunguu sokoni huku, anarudi Singida. Soma kwanza mwenyewe.

Baba, Masalu amefariki. Ni yule Msukuma niliyekuwa ninapasua naye mawe, ambaye ulicheka sana uliposikia watu wazima tunagombania maziwa. Tumemzika kwao, upande wa Magu.

Sikuwahi kukueleza vizuri tulivyokutana. Siku yangu ya kwanza machimboni aliniuliza natoka wapi. Niliposema Singida, akataka kujua kwetu kuna nini zaidi ya kuku na upepo. Nikamjibu kwamba tuna mawe makubwa kama yake, na mjini tuna maziwa mawili wakati yeye analo moja. Akasema Singidani na Kindai ni madimbwi ya chumvi, na ziwa ni lile la kwao ambalo meli inaingia ikapotea machoni. Nikamwuliza kama hilo ziwa lake lina heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Akafikiri kidogo, akacheka, akaniita mtani. Hakuniita tena kwa jina langu.

Timu zetu zikikutana tulikaa pamoja kwenye banda la zana. Yeye alikuwa na kiredio cha betri kinachokamata redio ya Mwanza. Mimi redio ya kwetu niliipata kwenye simu, nayo huchelewa, kwa hiyo Masalu alishangilia bao wakati kwangu mpira ungali katikati ya uwanja. Halafu tukabishana nani anatangaza vizuri. Wa kwao anakwenda mbio, anapaza sauti hata mpira ukirushwa tu. Wa kwetu unamjua, anaacha mchezo awasalimie wazee wa Utemini, aeleze upepo unatoka wapi na vumbi limeelekea goli la nani. Masalu alisema yule si mtangazaji, ni mtu wa utabiri wa hali ya hewa.

Kikohozi kilimshika kiangazi kilichopita. Machimboni kukohoa si habari. Tunajifunga vitambaa puani, lakini mashine ya kusaga kokoto ikiwashwa, lile vumbi jeupe linapita popote. Akanywa tangawizi, akanywa dawa za dukani. Akaanza kupumzika kila baada ya nyundo chache, na sisi tukawa tunampa kazi ya kupanga mawe ili msimamizi asione. Siku alipotema damu ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alisema si kifua kikuu kama tulivyodhani, bali ni vumbi lililomkaa kwenye mapafu, na kwamba halina dawa ya kulitoa.

Nilikwenda kumwona kila nilipotoka kazini. Dada yake mkubwa, Kabula, ndiye aliyekuwa akimwuguza usiku na mchana. Masalu hakuwa na mke. Alikuwa amekonda mpaka shati lake linakaa kama limetundikwa ukutani, na pua ina mpira wa hewa.

Mechi ikaangukia siku niliyokuwa sina kazi. Timu yao ilikuwa imekuja kucheza huko Singida. Niliwasha kiredio chake nikakiweka juu ya mto, na simu yangu nikaishika mkononi, sauti ndogo, tuwe kama zamani. Haukupita muda akanigusa mkono.

"Mtani, zima wa kwetu. Anakimbia mno. Nikimfuata nakosa pumzi. Niachie wa kwenu."

Nikazima. Wa kwetu akaendelea taratibu kama kawaida yake. Akasema jua limepungua, upepo umeanza kuingia kutoka Singidani, akina mama wauza karanga wanashikilia kanga zao. Masalu alikuwa amefumba macho anasikiliza. Kabula alidhani amelala, akamfunika miguu.

"Kwenu kuna hewa," akasema. "Siku zote unaniambia, nikawa nadhani unajisifu."

Nilimwambia akipona nitamleta Mgori, atakaa kwako msimu mzima bila kushika nyundo. Alitikisa kichwa kukubali, baba, kama mtu anayekubali ili usijisikie vibaya. Halafu akalala kweli.

Karibu na mwisho wa mechi wao wakatufunga. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi. Mimi nilimtazama Masalu, nikaona usingizi wake umetulia kuliko siku zote, nikamwacha. Nilijua nitamwambia kesho yake. Kesho yake nilimkuta Kabula nje kwenye benchi, ameweka viatu vya mdogo wake mapajani. Nikakaa kando yake.

Kule msibani watu walikuwa wengi. Kabla ya kushusha jeneza, baba yake mdogo akauliza yuko wapi yule mtani wa Singida, aseme neno. Unajua desturi, mtani msibani huchekesha, hutukana hata marehemu, ili wafiwa wapate pumzi. Nilisogea. Nilitafuta la kuchekesha, sikulipata. Nikasema, "Masalu, mlitufunga moja bila. Uliondoka kabla hujaniringia."

Bibi yake akaanza kucheka, kicheko cha mzee asiye na meno, kisha kikageuka kilio, na wengine wote wakamfuata. Nilishika koleo, na sikumpa mtu mwingine mpaka kaburi likajaa.

Sasa baba, langu mimi. Kabula alinishika pale pale msibani akaniapisha nikapimwe, na nimepimwa. Daktari alinionyesha picha ya kifua. Vumbi limeshaanza upande wa kulia, si kama la Masalu, lakini lipo. Akasema nikiliacha vumbi leo naweza kuishi nalo, nisipoacha hana la kuniahidi. Nimewaaga machimboni jana. Msimamizi hakuuliza sababu, alishaweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu kabla sijafunga mzigo.

Kwa hiyo narudi. Sirudi na bati nililoahidi, wala lile jembe la kukokotwa na ng'ombe. Najua majirani watasema. Kulima nitalima, ila taratibu, na siku nyingine nitashindwa kuamka. Nimeona ulijue hilo mapema, usije ukadhani nimekuwa mvivu mjini.

Nisalimie kaka yangu wa Kintinku, mwambie ng'ombe wangu yule mmoja asimwuze kwanza. Msalimie shangazi wa Utemini, nitalala kwake nikichelewa gari la Mgori. Na bibi mzaa mama, mwambie mjukuu wake bado anamwota. Wadogo zangu waambie sina zawadi.

Mama ndiye sijui utaanzaje naye. Mwambie tu kwamba nimepungua mwili sana, mwambie kabla sijafika, ili akiniona nashuka kwenye gari asije akapiga kelele mbele za watu.

Mwanao anayekuja,
Juma